Kliya ya Kigari na Kifua cha Taata

Watu wanaoviona vigari vyangu kwa mara ya kwanza huuliza swali lilelile: "Hii rangi inayong'aa hivi uliipata wapi?" Jibu langu huwashangaza, kwa sababu rangi yenyewe haing'ai. Ikikauka huwa butu kama ukuta wa darasa. Kinachong'aa ni tabaka la juu kabisa, lisilo na rangi yoyote, ambalo katika gereji niliyokulia huitwa kliya. Nimelifikiria tabaka hilo kwa miaka mingi, na ingawa kazi yangu ni ya vitu vidogo vinavyoenea kiganjani, limenifundisha jambo ambalo si dogo.

Vigari ninavyovizungumzia si vya watoto kuchezea. Ni modeli za plastiki zinazouzwa vipande vipande ndani ya boksi, nyingi zikiwa za kipimo cha 1:24, yaani sentimita moja ya kigari ni sentimita 24 za gari halisi. Unakata vipande, unavisawazisha kwa msasa, unaviunganisha kwa gundi, unapaka rangi, unabandika stika, kisha unamalizia kwa kliya. Kazi nzima huweza kuchukua mwezi, na hatua hiyo ya mwisho inaweza kuuharibu mwezi mzima kwa dakika mbili. Ndiyo maana wengi wetu huiogopa.

Mimi ni mtoto wa fundi wa rangi. Sisi Waganda humwita baba Taata, nami nitamwita hivyo hapa kwa kuwa sijawahi kumwita vinginevyo. Taata alipuliza rangi za magari kwa miaka 26 katika gereji moja ya Katwe, hapa Kampala. Pale ndipo niliposikia Kiswahili kabla ya kukikuta shuleni, maana mafundi wenzake walitoka Goma, Busia na Bukoba, na lugha hiyo ndiyo iliyowakutanisha. Nilijua neno msasa kabla ya kujua neno sentensi.

Boksi la kwanza nililetewa na mjomba anayefanya biashara ya magari yaliyotumika kutoka Japani. Ndani mlikuwa na Toyota Celica ya mashindano ya Safari ya mwaka 1985, gari ambalo Juha Kankkunen wa Ufini alishinda nalo akishiriki Safari kwa mara ya kwanza. Taata alifurahi kuliko mimi. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na zamani njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, aliyeyashinda mara tano, alizaliwa hapa Uganda. Kwa watu wa rika la Taata, Safari ni habari ya nyumbani. Aliligeuza bodi jeupe lile la plastiki mikononi, akapitisha kidole juu ya boneti na kusema, "Hili nalo litataka kliya."

Kanuni ya kliya ni rahisi kuisema na ngumu kuitii: tabaka nyingi nyembamba ni bora kuliko moja nene. Tabaka za mwanzo hupulizwa kama umande, zikitua hapa na pale bila kuungana. Kazi yake ni kushika. Pia huzilinda stika, kwa sababu kimiminika kingi cha laka kikizifikia kwa mara moja huzikunja. Umande huo ukikauka, unaongeza kidogo, halafu kidogo tena, hadi tabaka la mwisho ambalo huwekwa likiwa bichi kiasi cha kutosha kujisawazisha lenyewe na kuwa kama kioo. Ukipuliza kwa mbali mno, matone hukauka hewani na uso huwa na chembechembe. Ukikaribia mno, kliya hukusanyika na kuchirizika. Ikiwa nzito kuliko inavyotakiwa, hukauka kabla ya kujisawazisha, na uso hubaki na vishimo kama ganda la chungwa.

Kwa hiyo sigusi kigari kabla ya kujaribu kwenye vijiko vya plastiki. Mgongo wa kijiko umepinda kama boneti, na bei yake haimuumizi mtu. Ninavyo vijiko vingi, kila kimoja kikiwa na maandishi ya kalamu nyuma yake: kiasi cha thina, umbali, na hali ya hewa ya siku hiyo. Hali ya hewa ni lazima iandikwe. Thina inapopaa haraka hupoza uso wa kitu, na unyevu wa hewani hutua juu ya uso huo uliopoa, hivyo kliya hupata ukungu mweupe. Katika miezi ya mvua, kuanzia Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, Kampala humlazimisha fundi kungoja. Ninapuliza kati ya saa sita na saa tisa mchana, jua likiwa limekausha hewa, au sipulizi kabisa.

Kuna hesabu moja niliyopenda kumwonyesha Taata. Kliya ya gari halisi huwa na unene wa karibu maikroni 50, yaani sehemu 50 za elfu moja ya milimita. Ukitaka kuipunguza kwa kipimo cha 1:24, utahitaji maikroni mbili hivi, jambo ambalo mkono wa binadamu hauliwezi kwa kibunduki cha rangi. Na ukiligeuza swali, kliya yenye unene wa moja ya kumi ya milimita juu ya kigari ni sawa na kumwaga milimita 2.4 juu ya gari la kweli. Mistari ya milango hujaa, herufi ndogo za nembo huzama, na gari huonekana kama limechovywa katika asali. Kila kigari, basi, kina kliya nene kuliko inavyostahili. Ufundi ni kuipunguza hadi jicho lisamehe.

Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia. Gereji hutumia kliya ya mikebe miwili: mmoja una kliya, mwingine una hadina. Vikichanganywa, havikauki tu kwa thina kupaa, bali huungana na kuwa kitu kipya, kigumu, kisichoogopa petroli wala jua. Hakuna kinachong'aa kama hicho. Waundaji wengi wa modeli duniani hukitumia na kukisifu. Kliya ninayotumia mimi ni laka ya chupa, isiyo na hadina, inayokauka kwa kupaa tu.

"Kliya bila hadina ni chai bila majani," Taata aliniambia.

"Lakini Taata, hili ni gari la sentimita 18. Halitanyeshewa, wala hakuna atakayelimwagia petroli."

"Gari ni gari, mwanangu."

Alisema hivyo, akakohoa, na sote wawili tukanyamaza, kwa sababu sababu yangu halisi ilikuwa hicho kikohozi.

Ndani ya hadina mna kemikali ziitwazo isosayanati. Kliya inapopulizwa huwa ukungu, na ukungu huo huingia mapafuni. Mtu anaweza kufanya kazi nazo kwa miezi au miaka bila kuhisi lolote, halafu siku moja mwili ukaanza kuzikataa. Tangu siku hiyo, hata kiasi kidogo sana huweza kumbana kifua. Ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za pumu ya kazini, na wapulizaji wa rangi za magari wamo katika kundi linaloathirika zaidi. Taata alianza kukohoa usiku, kisha kukosa pumzi gerejini huku Jumapili, siku ya mapumziko, akipata nafuu. Daktari alipomuuliza anafanya kazi gani, alihitaji dakika chache tu kuunganisha mambo. Leo Taata hawezi kupita karibu na uwanja ule wakati bunduki ya rangi inalia. Husimama ng'ambo ya barabara na kuwapungia wenzake mkono.

Nimejiuliza mara nyingi alijikinga kwa nini. Alikuwa na kitambaa, ambacho alikilowesha maji na kukifunga puani. Na alikuwa na maziwa. Kila fundi wa rangi ninayemfahamu hunywa maziwa baada ya kupuliza, kwa imani kwamba yanasafisha kifua. Nami nilitumwa kuyanunua mara nyingi nikiwa mdogo, nusu lita kila jioni. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Ukungu wa kliya huenda mahali pengine. Miaka 26 ya nusu lita za maziwa haikuufikia hata mara moja.

Sidai kwamba laka yangu ni maji ya kunywa. Thina yake huumiza kichwa, huwaka moto upesi, na ikivutwa kila siku huleta madhara. Napulizia nje, chini ya kibanda kilicho wazi pande tatu, nikiwa nimevaa barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa, ile inayobana uso, si ya kitambaa. Jirani mmoja aliniuliza kama kuna vita. Lakini kila nikiivaa namfikiria mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara, na sioni mng'ao wowote unaostahili bei hiyo.

Kliya ikishakauka bado kazi haijaisha. Laka huonekana kavu baada ya saa moja, lakini huendelea kujivuta chini kwa siku nyingi. Mimi huiacha majuma mawili. Kisha huja msasa wa maji, kuanzia namba 2000, halafu 3000 na kuendelea, ukisuguliwa taratibu kwa maji yenye tone la sabuni, hadi vishimo vyote viondoke na uso uwe butu sawasawa kila mahali. Kingo hazisuguliwi, kwa kuwa pale kliya ni nyembamba zaidi na rangi hutokeza haraka. Mwisho hupakwa dawa ya kung'arishia kwa kitambaa laini cha pamba, na ule mng'ao uliopotea hurudi ukiwa mzuri kuliko mwanzo.

Hatua hii haina ukungu wala vumbi. Kwa hiyo hii ni kazi ya Taata. Jioni huketi kwenye kiti chake barazani, bakuli la maji likiwa pembeni, na kusugua mlango wenye ukubwa wa vidole vitatu. Mwanzoni nilihofia kwamba mikono iliyozoea milango ya malori itakuwa mizito mno. Sivyo. Hunyanyua kigari, hukiinamisha kwenye mwanga, hukitazama kwa jicho moja, kisha husugua mara tatu na kukitazama tena. Ameacha kunibishia kuhusu hadina. Siku moja alisema tu kwamba laka hii "inasikia mkono", na kwa fundi hiyo si sifa ndogo.

Mwaka jana mwalimu wetu alitupa zoezi la kukusanya msamiati wa ufundi mmojawapo. Nilirudi gerejini na daftari. Niliandika praima, thina, hadina, msasa, kompresa, na kila neno lilikuwa na Kiswahili chake tayari. Ndipo nikauchukua mkebe wa hadina na kusoma maandishi yake. Tahadhari zote zilikuwepo, kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo mimi mwenye macho mazuri nilizisoma kwa taabu. Palikuwa na mchoro wa kifua cha mtu chenye nyota nyeupe, ishara ya kuonya kwamba kitu hiki hudhuru mwili kwa ndani. Kijana mmoja anayejifunza kazi aliniambia kwamba siku zote alidhani ni nembo ya kampuni.

Niliandika tangazo kwenye kipande cha katoni, kwa Kiswahili cha uwanja ule: "Ukungu wa kliya yenye hadina huua kifua. Usingoje harufu, huumiza kabla hujainusa. Kitambaa hakiuzuii. Maziwa hayauzuii. Vaa barakoa ya vichujio, na ubadilishe vichujio kwa wakati. Asiyepuliza akae mbali. Ukikohoa usiku, mwambie daktari kazi yako." Taata alilisoma kabla sijalipeleka, akanitaka niongeze mstari mmoja: "Hata kama umezoea."

Mwenye gereji aliniruhusu kulitundika karibu na kompresa. Amenunua barakoa mbili, ingawa wapulizaji ni watano, na bado tunazungumza naye kuhusu zile tatu. Wenzangu mnaosoma insha hii, sisi hutumia miaka mitatu kujifunza kutafsiri, na mara nyingi tunayoyatafsiri tayari yana wasomaji. Katika kila mji wetu upo uwanja kama ule, wenye mikebe ya namna hiyo na watu wanaoelewana kwa Kiswahili. Nendeni mkasome mikebe hiyo.

Celica bado iko barazani. Upande wa kushoto umekamilika, na Taata anasema wa kulia unahitaji jioni mbili zaidi.