Matembezi Katika Nchi Isiyokuwako

Msomaji mpenzi, mwanadamu ana kiu ya kwenda asikokujua. Akikosa njia ya miguu hujifanyia njia ya fikira. Mwaka 1951 Shaaban Robert alituandikia Kusadikika, nchi iliyo angani, ambayo wajumbe wake walitumwa pande sita kutafuta maarifa. Vijana wa leo wana Kusadikika yao. Jina lake ni Hyrule, nayo imo katika mfululizo wa michezo ya video uitwao The Legend of Zelda, ulioanzishwa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1986. Mimi ni mkazi wa Nkubu, nami nimetembea sana katika nchi hiyo, hasa katika mchezo wa Breath of the Wild uliotoka mwaka 2017. Niruhusu nikuonyeshe mahali patatu nipapendapo kuliko pengine.

Pa kwanza ni Great Plateau, uwanda ulioinuka. Hapo ndipo shujaa Link huamkia baada ya usingizi wa miaka 100. Kingo za uwanda ni majabali matupu, wala hawezi kuteremka salama mpaka apate chombo cha kuelea hewani. Lakini kutoka ukingoni huona mlima wa moto, misitu, na ngome iliyotekwa na adui. Napapenda kwa sababu macho hutangulia na miguu hungoja. Mtu hujua ukubwa wa safari kabla ya kuianza.

Pa pili ni Lost Woods, msitu wa upotevu. Humo mna ukungu mzito, na mwenye pupa humezwa nao, akajikuta amerudishwa alikoanzia. Dawa yake ni kuwasha mwenge na kutazama cheche zinapeperukia upande gani, kisha kuzifuata. Haraka haraka haina baraka: methali hii niliisikia utotoni, lakini msitu ule ulinilazimisha kuitii.

Pa tatu ni Eventide, kisiwa kilicho mbali baharini. Ukikanyaga pwani yake unavuliwa silaha, mavazi na akiba yako yote. Unapewa kazi ya kufikisha matufe matatu mahali pake, nawe huna kitu ila uokotacho: kijiti, jiwe, tunda. Hapo mwenye vingi na mwenye vichache husimama sawa, na akili ndiyo mali. Ukishinda, vyako vyote hurudishwa.

Wazee wetu huuliza, na swali lao ni la haki: kijana ajuaye kila pango la Hyrule, je, aujua mto Thingithu unakotoka? Amelizuru ziwa Nkunga, lililotulia msituni katika shimo la volkano ya kale? Ajua kwamba Mlima Kenya, uinukao mita 5,199 juu ya migomba na mikahawa yetu, nao ulikuwa mlima wa moto zamani? Kujua nchi isiyokuwako na kutoijua iliyokuzaa ni umaskini, hata kama unapendeza.

Lakini sikubali kwamba dawa ni kuuvunja mchezo. Tazama ulikotoka. Shigeru Miyamoto, mmoja wa waliouasisi, alizaliwa mwaka 1952 huko Sonobe, karibu na Kyoto. Utotoni alizurura vilimani, akagundua pango, na baadaye akaingia na taa mkononi. Mshangao ule ndio aliotaka kuwapa wachezaji. Basi Hyrule haikuzaliwa ndani ya mashine. Ilizaliwa na mtoto aliyetembea kwao akatazama vizuri. Hata hapa Afrika jambo hili limekwisha anza: mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa mchezo wa Aurion, uliofumwa kwa mila na ngano za bara letu.

Kwa hiyo, msomaji, cheza kwa kiasi, lakini toka mchezoni na macho uliyoyapata humo. Panda kilima kilicho nyuma ya shule yako utazame kabla ya kushuka. Muulize bibi jina la kijito na sababu ya jina hilo, uandike jibu lake. Nchi yetu haijapungukiwa na maajabu; imepungukiwa na watazamaji. Siku moja mtoto wa Japani atapotea kwa furaha katika misitu ya Imenti, lakini hawezi kufika huko mpaka mmoja wenu awe ameijua vema, kisha akaichora.