Sahani ya Chama: Kumbukumbu za Chakula cha Jioni cha Wafuasi wa Iowa

Chakula cha jioni cha kuchangisha fedha ni mojawapo ya shughuli kubwa za mwaka za chama cha siasa cha jimbo nchini Marekani. Nchi hiyo ina majimbo 50, na katika kila jimbo chama cha Democratic na chama cha Republican vina uongozi wao, ofisi zao na mifuko yao, mbali na makao makuu ya taifa yaliyoko Washington. Mfuko wa jimbo ndio unaolipa pango la ofisi, mishahara ya watumishi wachache na utunzaji wa orodha ya wapiga kura. Wafadhili wenye uwezo huujaza, lakini kazi ya chama hufanywa na watu wa mashinani, wale wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba na kupiga simu hadi usiku bila malipo. Kumbukumbu za chakula hiki ni kumbukumbu za namna watu hao walivyofika ukumbini na mahali walipokalishwa.

Kwa Democratic, asili yake ni sikukuu ya Andrew Jackson, rais wa saba. Tarehe 8 Januari 1815 Jackson aliwashinda Waingereza katika vita vya New Orleans, na baadaye wafuasi wa chama chake wakawa wanakutana kila mwaka siku hiyo kula, kunywa na kusikiliza hotuba. Kwa muda mrefu zilikuwa karamu za kumbukumbu tu. Karne ya ishirini ndiyo iliyozigeuza kuwa chombo cha fedha. Tarehe 8 Januari 1936 Rais Franklin Roosevelt alihutubia karamu ya Jackson katika hoteli ya Mayflower mjini Washington, na kila sahani ililipiwa dola 50. Wakati huo mfanyakazi wa kiwandani alihitaji mshahara wa zaidi ya wiki mbili kupata kiasi hicho. Chama kilichojinadi kuwa cha wanyonge kilikuwa kimeweka mezani sahani ambayo mnyonge hakuweza kuigusa.

Majimbo yaliiga mtindo huo. Jina la Thomas Jefferson, rais wa tatu na mwandishi wa Azimio la Uhuru la 1776, liliunganishwa na la Jackson, na katika sehemu nyingi za nchi shughuli ikaitwa Chakula cha Jefferson na Jackson. Republican nao wana yao, yenye jina la Abraham Lincoln aliyezaliwa tarehe 12 Februari 1809. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, jambo hili lina sura ya harambee, ila kuna tofauti moja kubwa: katika harambee mchango hutangazwa mbele ya watu na vigelegele hufuata, ilhali hapa fedha hulipwa kabla ya mlango kufunguliwa, na kiasi alichotoa mtu hujulikana kwa kiti anachokalia.

Mpangilio wa ukumbi ni ngazi. Walio juu kabisa kwa mchango hununua meza nzima, hukaa karibu na jukwaa, na kabla ya chakula huingizwa katika chumba cha pembeni kusalimiana na mgeni rasmi na kupiga naye picha. Chini yao wapo walionunua kiti kimoja kimoja. Mwisho kabisa wapo wenye tiketi nafuu ya kukaa kwenye viti vya ngazi vinavyozunguka ukumbi, mara nyingi bila chakula. Wengine huingia kwa kufanya kazi: kukagua majina mlangoni, kuelekeza wageni, kukusanya mabango yaliyoachwa sakafuni watu wakishaondoka.

Sheria nayo imo ndani ya tiketi. Chini ya kanuni za shirikisho, bei yote ya tiketi huhesabiwa kuwa mchango wa kisiasa, hata kama nusu yake imekwenda kwenye nyama na mkate. Kwa sababu hiyo fomu huuliza jina, anwani, kazi na mwajiri, na anayezidisha dola 200 kwa mwaka huorodheshwa katika taarifa zilizo wazi kwa umma. Mchango ni marufuku kwa raia wa kigeni, isipokuwa mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu. Kifungu hiki kinawahusu moja kwa moja Wakongo na Warundi wazungumzao Kiswahili waliohamia Des Moines, mji mkuu wa Iowa, na miji ya jirani. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kununua kiti, ingawa hawezi kumpigia kura rais. Aliye na visa ya masomo hawezi kulipia hata kiti cha bei nafuu kwenye ngazi, lakini anaruhusiwa kujitolea bila malipo na kupanga viti vya wengine.

Iowa ndiko mfuasi wa mashinani alikopata uzito katika shughuli hii. Tangu miaka ya 1970 jimbo hilo lilikuwa la kwanza nchini kupima wagombea urais, kwa mikutano ya wanachama iliyokuwa ikifanyika usiku mmoja wa baridi kwenye shule, makanisa na kumbi za vijiji. Kila aliyetaka urais alilazimika kufika kwenye chakula cha chama. Kampeni zikaona kwamba umati wa kwenye ngazi unapigwa picha na kusikika, zikaanza kununua tiketi za viti hivyo kwa mafungu na kuwasafirisha wafuasi wao.

Usiku unaokumbukwa kuliko mwingine wowote ni wa tarehe 10 Novemba 2007, katika ukumbi wa Veterans Memorial mjini Des Moines. Wagombea sita walikuwepo: Hillary Clinton, John Edwards, Bill Richardson, Joe Biden, Chris Dodd na Barack Obama, mtoto wa Mkenya wa Kogelo. Nancy Pelosi, Spika wa Baraza la Wawakilishi wakati huo, ndiye aliyeongoza shughuli. Jukwaa lilikuwa katikati, na wagombea walizungumza bila karatasi mkononi. Watu karibu 9,000 walijaa.

Siku hiyo ya mfuasi ilianza mchana. Wa Obama waliandamana hadi ukumbini wakiongozwa na ngoma za Isiserettes, kundi la vijana wa Des Moines, na kiitikio cha kujitangaza kuwa wamewaka na wako tayari kwenda. Maneno hayo yalikuwa yameletwa kwenye kampeni miezi michache nyuma na Edith Childs, diwani wa Greenwood, South Carolina. Ndani, waliokaa juu waliwatazama wenzao wa sakafuni wakikata nyama kwenye meza zenye vitambaa, nao wakashika mabango na kungoja. Njaa yao ililipwa kwa sauti. Obama alizungumza mwisho, usiku ukiwa umekwenda, na ngazi ndizo zilizomwitikia kabla ya meza. Tarehe 3 Januari 2008 alipata asilimia 38 katika mikutano ya Iowa, mbele ya Edwards na Clinton. Watu ambao hawakula usiku ule ndio waliojaza kumbi za vijiji.

Baada ya hapo swali likahama kutoka kiti hadi jina. Jefferson aliwamiliki watumwa zaidi ya 600 katika uhai wake. Jackson naye alimiliki watumwa, na mwaka 1830 alitia saini sheria ya kuwahamisha wenyeji asilia kutoka ardhi zao, ambayo matokeo yake yalikuwa Njia ya Machozi na vifo vya maelfu ya Wacherokee. Kwa miongo mingi mwanachama Mweusi aliombwa kununua tiketi yenye majina ya mabwana wa watumwa. Mwenyeji asilia wa kabila la Wameskwaki katika wilaya ya Tama, ambaye wazee wake walirudi Iowa na kujinunulia ardhi mwaka 1857, aliombwa kuadhimisha mtu aliyewafukuza wenyeji. Wengi walilinung'unikia jambo hili chini kwa chini. Mauaji ya waumini 9 katika kanisa la Weusi mjini Charleston, Juni 2015, yaliwafanya viongozi wasikie. Mwezi uliofuata chama cha Connecticut kiliyaondoa majina hayo, na mwezi Agosti kamati ya Iowa ikapiga kura kufanya hivyo. Chakula cha tarehe 24 Oktoba 2015, alichohudhuria Clinton pamoja na Bernie Sanders na Martin O'Malley, kikawa cha mwisho Iowa kwa jina la zamani.

Kubadili jina hakukuwa kufuta historia, kama baadhi walivyolalamika. Jefferson na Jackson wamo vitabuni na watabaki humo. Kilichoondolewa ni heshima ya kuwa wenyeji wa meza ambayo vitukuu wa watu walioteswa nao wanaalikwa kuichangia. Ulikuwa uamuzi wa haki, na ulichelewa.

Tarehe 1 Novemba 2019 shughuli ilifanyika kwa jina la Sherehe ya Uhuru na Haki, katika uwanja wa ndani wa Wells Fargo, na watu zaidi ya 13,000 walihudhuria. Sehemu kubwa ya uwanja ilikuwa ya wafuasi waliovaa rangi za wagombea wao. Siku hiyohiyo Beto O'Rourke alijitoa katika kinyang'anyiro, watu wake wakiwa wamekwishafika mjini na mabango mkononi. Huo ndio upande mwingine wa kuwa mfuasi: fedha za mfadhili hurekodiwa, lakini miezi ya kubisha hodi haina stakabadhi. Mwaka 2023 chama cha Democratic cha taifa kiliipa South Carolina nafasi ya kwanza badala ya Iowa, na chakula cha Des Moines kikapoteza mvuto uliokuwa ukiwaleta wagombea wote.

South Carolina ina jibu lake la kale kidogo kuhusu sahani. Mwaka 1992 James Clyburn alichaguliwa kuwa Mweusi wa kwanza kuliwakilisha jimbo hilo katika Bunge la Congress tangu mwishoni mwa karne ya 19. Aliona kwamba waliomfanyia kampeni hawakumudu tiketi ya chakula cha chama mjini Columbia. Akawaandalia shughuli yao, wikiendi ileile: samaki wa kukaanga, mkate mweupe na muziki, bila kiingilio. Samaki huliwa watu wakiwa wamesimama, kwa mikono, na meza kuu haipo. Miaka ilivyokwenda, wagombea urais walianza kutoka kwenye ukumbi wa tiketi na kuwafuata watu kwenye samaki. Juni 2019 zaidi ya wagombea 20 walifika hapo, wengi wao wakiwa na fulana za aina moja, wakisubiri zamu ya kusema maneno machache.

Chakula cha tiketi hakijafa, wala hakitakufa, kwa sababu pango la ofisi halilipwi kwa nyimbo. Jina limebadilika, ngazi zimepata sauti, lakini tofauti kati ya anayekula na anayetazama bado ipo katika kumbi nyingi. Chama kinachotaka kudumu hakina budi kuwalisha watu wake wote, maana mwenye meza huchanga mara moja kwa mwaka, na mwenye mguu huchanga kila siku.