Tumati: Aliyeacha Shule Hajafika Mwisho wa Njia

Ndugu msomaji, twende pamoja Tumati. Kutoka Babati tunafuata barabara ya Dareda. Tukipita Dareda, njia inapanda ukingo wa Bonde la Ufa. Hewa inaanza kuwa ya baridi. Tukifika juu, tuko katika nyanda za juu za Mbulu. Huku ndiko yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu, pale Dongobesh. Na huku ndiko iliko kata ya Tumati.

Wenyeji wengi ni Wairaqw. Wanalima mahindi na maharage, na wanafuga ng'ombe. Ukitembea vijijini utamwona kijana akichunga wakati wenzake wako darasani. Utamwona pia msichana mwenye mtoto mgongoni, ambaye daftari zake za sekondari bado ziko ndani ya sanduku. Sisemi habari za mtu mmoja. Vijana kama hawa wako katika vijiji vingi vya nchi yetu. Labda mmoja wao yuko nyumbani kwako.

Kwa nini waliacha shule? Wengine ni kwa ajili ya mimba. Wengine ni kwa ajili ya mifugo, umaskini au umbali. Tena iko sababu ya lugha. Mtoto wa huku huanza kusema Kiiraqw kwa mama yake. Shule ya msingi anafundishwa kwa Kiswahili. Sekondari anakuta Kiingereza. Amepanda milima miwili ya lugha, na katika mlima wa pili pumzi inamwishia. Watu husema hana akili. Si kweli. Amechoka tu, na aliyechoka akipumzika huweza kuendelea na safari.

Njia ziko. Ya kwanza ni kurudi shuleni. Zamani msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya Serikali. Novemba 2021 Serikali iliondoa zuio hilo. Mama kijana anaweza kurudi baada ya kujifungua. Asikawie. Aende na mzazi wake kwa mwalimu mkuu, au kwa Afisa Elimu Kata.

Njia ya pili ni Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT. Huu ni wa mtu aliyemaliza shule ya msingi lakini hakufika mbali sekondari. Unapima masomo ya kidato cha kwanza na cha pili. Ukifaulu, unaweza kujiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Huvai sare, wala huulizwi umri. Cheti chako hutolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lile lile linalowatahini wanafunzi wa shuleni. Ikiwa ulishafaulu upimaji wa kidato cha pili, uliza kama unahitaji QT. Huenda njia yako ni fupi zaidi.

Masomo haya hufundishwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Kuanzia mwaka 2022 Taasisi hiyo iliwapokea pia wasichana waliokatiza sekondari, bila ada, katika mradi wa SEQUIP. Muulize Afisa Elimu wa Watu Wazima wa wilaya yako ni kituo gani kilicho karibu.

Njia ya tatu ni ufundi. Huku Mbulu kiko Chuo cha Maendeleo ya Wananchi cha Tango.

Lakini, ndugu msomaji, tusidanganyane. Njia ya QT ina gharama. Iko ada ya mtihani, viko vitabu, iko na nauli. Usajili hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka, na anayechelewa hulipa zaidi. Basi ukivuna maharage, weka kando fedha za mtihani kabla hazijaisha kwa mambo mengine. Mtihani wenyewe ni Novemba, wakati mkulima anatazama mawingu na jembe liko tayari. Wiki hizo, mzazi, mwachie mwanao kitabu. Wewe shika jembe.

Ziko gharama nyingine zisizolipwa kwa fedha. Msichana hawezi kusoma kama hakuna wa kumshika mtoto. Kijana hawezi kusoma kama ng'ombe ni wake peke yake kila siku. Bibi akimpakata mjukuu saa mbili, naye amefundisha. Ndugu wakipokezana zamu ya kuchunga, nao wamejenga shule.

Anayesema "yule ameshaharibikiwa" ndiye anayefunga mlango ambao Serikali imeufungua. Tusiseme neno hilo. Elimu haina mwisho.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika kijiji chako ni vijana gani walioacha shule?
2. Nani atamshikia mtoto, na nani atachunga, ili wasome?
3. Nani kati yenu atakwenda kwa Afisa Elimu Kata wiki hii?