Hulka si Hukumu



Juma hili tutafakari kauli inayosikika mara nyingi vinywani mwa wazazi: "Mtoto huyu ndivyo alivyoumbwa." Husemwa juu ya mpole, lakini zaidi juu ya mvivu, mkaidi na mwenye hasira. Je, ni kweli?

Wanasaikolojia huita hulka ile namna ya kufikiri, ya kuona moyoni na ya kutenda ambayo hujirudia kwa mtu mahali pengi na kwa muda mrefu. Aliyekasirika mara moja sokoni si mtu wa hasira. Ni yule akasirikaye nyumbani, shambani na jumuiyani, mwaka huu kama mwaka jana. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza, wakakusanya maneno karibu 18,000 yanayotofautisha watu. Waliowafuata walichambua maneno ya namna hiyo kwa hesabu, wakapata mafungu makubwa matano: udadisi, bidii yenye utaratibu, uchangamfu, upole kwa wenzako, na wepesi wa kufadhaika. Kila fungu ni mizani ambayo sote tumo, huyu juu na yule chini. Hupimwa kwa maswali mengi ambayo mtu hujijibia mwenyewe, na pengine wanaomfahamu humjibia pia, maana mtu hujipendelea.

Lakini kamusi ile ilikuwa ya Kiingereza. Watafiti walipoichunguza lugha ya Kimaasai, katika kazi iliyotolewa mwaka 2020, hawakuyakuta mafungu hayo matano yakijitokeza vema. Na hapa kwetu? Monica Wilson, aliyefanya utafiti kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alichapa mwaka 1951 kitabu juu ya vijiji vya marika. Humo alieleza sifa walizozithamini wazee wa hapa: amahala, yaani hekima, ubusisya, yaani adhama, na ukwangala, yaani kufurahia kukaa na wenzako, mkila na kuzungumza pamoja. Wazee hawakuuachia ukwangala bahati ya kuzaliwa. Kijana aliufunzwa kwa kuishi na kula na rika lake.

Uchunguzi wa mapacha umeonesha kuwa karibu nusu ya tofauti za hulka baina ya watu hutokana na urithi. Hiyo si kusema kwamba nusu ya mtu imekwisha kuamuliwa. Wakulima wa mpunga wa Kyela wanalielewa hili: mbegu ni mbegu, lakini shamba lenye maji na lisilo na maji hazivunwi sawa. Tena hulka hubadilika polepole. Kwa wastani, watu huongezeka bidii na utulivu kadiri wanavyokua.

Hivi karibuni mama mmoja alitujia akitaka kumwachisha mwanawe shule. Alisema kijana ni mvivu wa damu kama baba yake, hulala darasani kila siku. Tulimwuliza kijana usiku huwa wapi. Akajibu kwamba huwa ziwani na mjomba wake, wakivua dagaa kwa taa hadi alfajiri, na hajakosa hata usiku mmoja. Huyo ndiye aliyeitwa mvivu! Mama alinyamaza. Uamuzi wake bado hatujaupata, nasi tunaendelea kuzungumza na familia.

Wapendwa, kabla hatujasema "ndivyo alivyo", tuulize: wapi, lini, na akiwa na nani? Hulka ni mahali ambapo mtu huanzia safari, na neema humkuta papo hapo. Tusimfungie mtoto mlango kwa neno moja, kisha tukamlaumu kwa kubaki nje.