Ngoma Mpya za "Malaika"

Wimbo ukibadilishiwa ngoma, wasikilizaji hubishana kama umepambwa au umeharibiwa. Ni nadra kuulizwa nini kilichobaki. Swali hilo lafaa kuulizwa juu ya "Malaika", na pengine Rungwe ni mahali pafaapo kuliuliza kuliko Nairobi, alikouimba Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa gitaa la taratibu. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliutia katika sahani yao huko Marekani. Mwaka 1981 Boney M., kundi la Frank Farian wa Ujerumani, likauvika mdundo wa disko, mdundo usiomwacha mtu kitini.

Wako wauonao mdundo ule kuwa kufuru. Hukumu hiyo ni kali mno. Kilio cha wimbo ni cha kijana apendaye lakini hana mali ya kuolea, wala kilio cha namna hiyo hakihitaji ukimya ili kisikike.

Wanyakyusa wanakijua tangu zamani. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwao kati ya 1934 na 1938, waliona jinsi mahari ya ng'ombe ilivyowachelewesha vijana. Ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee, na wazee wenye mifugo waliongeza wake huku vijana wakingoja. Aliyechoka kungoja alifunga safari kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, kutafuta fedha za kununulia ng'ombe. Naam, njia ya kwenda kwa mchumba ilipita kwenye mchanga wa dhahabu!

Mtu wa Tukuyu, basi, asikiapo toleo la disko arusini, mvua ikipiga bati, miguu yake hucheza na sikio lake husikia deni. Mchezaji wa Ulaya asiyejua Kiswahili aliambulia mdundo tu; huyu hupata vyote viwili, na kimoja humkolezea kingine, kwa kuwa hakuna upweke uzidio wa mtu alalamikaye umaskini katikati ya watu wanaocheza. Angélique Kidjo aliurudia tena mwaka 1991, kwa namna nyingine kabisa, na kijana yule hakupotea.

Wimbo wa asiye na mali, hata hivyo, umezaa ugomvi wa mali. Adam Salim alidai kuwa ndiye mtunzi, na wengine wakadai vivyo hivyo. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na ubishi ukamwishia mkononi.