Yaya, Mtoto na Sukari

Bibi yangu alikuja kuishi nasi Scarborough kutoka Tanga nilipokuwa na miaka tisa. Kila jioni nikirudi chuoni namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, kisha ananiuliza, "Leo umesoma nini, mjukuu wangu?" Kwa miaka miwili nilimjibu, "Mimea, bibi," basi. Niliamini Kiswahili changu ni cha jikoni tu, hakiwezi biolojia.

Muhula uliopita nilikosa swali la mtihani kuhusu protini G. Nilirudi nyumbani nimenuna, na siku hiyo bibi hakukubali jibu la neno moja. Ikabidi nieleze.

Nilianza na wanyama. Protini G hukaa upande wa ndani wa utando wa seli, kama swichi. Ikishika GDP imezimika, ikishika GTP imewaka. Mtu akishtuka, adrenalini hugusa kipokezi kilicho kwenye utando, nacho huisukuma protini G iachie GDP na kuchukua GTP. Baadaye kimeng'enya hubandika fosfeti kwenye kipokezi, kipokezi kinaweza kuvutwa ndani ya seli, na ujumbe unatulia. Kwa hiyo kwenye mtihani niliandika kwamba fosfeti huzima. Kumbe swali lilihusu mmea. Nikapata sifuri.

"Na mmea je?" bibi akauliza, huku akichambua mchicha.

Nikamweleza kuhusu Arabidopsis, mmea mdogo wa ukoo mmoja na kabichi. Protini G yake, iitwayo GPA1, haisubiri kusukumwa. Huachia GDP na kushika GTP yenyewe. Kinachoituliza ni protini nyingine kwenye utando, RGS1, inayoharakisha GTP ivunjwe iwe GDP. Glukosi ikiongezeka, kimeng'enya WNK8 hubandika fosfeti kwenye mkia wa RGS1. RGS1 inavutwa ndani ya seli, na GPA1 inabaki peke yake kwenye utando. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2012.

Hapo nilikwama. Nilitaka kusema "fosfeti inaiwasha GPA1," lakini fosfeti hiyo haikubandikwa kwenye GPA1 hata kidogo.

Bibi akaweka mchicha chini. "Ni kama mtoto mtundu harusini, yaya kamshika mkono. Hakuna aliyemwambia mtoto akimbie. Wamemwita yaya ndani tu."

Nilinyamaza. Darasani, kwa Kiingereza, tunatumia neno moja kwa mambo yote mawili, na neno hilo lilinificha kosa langu. Kwa Kiswahili ilinibidi nichague kitenzi: kuwasha au kuachilia? Kipokezi cha mnyama ni msukumaji, kwa hiyo akiitwa ndani, mambo yanatulia. RGS1 ni mzuiaji, kwa hiyo akiitwa ndani, mambo yanaanza. Fosfeti ni ile ile. La kuuliza ni imebandikwa kwa nani, na huyo alikuwa akifanya kazi gani.

"Na sukari ikiwa kidogo, yaya haitwi?" bibi akauliza.

Swali zuri kuliko la mtihani! Utafiti wa mwaka 2014 ulilijibu. Sukari nyingi ya muda mfupi hushughulikiwa haraka na WNK8 na mwenzake WNK10. Sukari kidogo ikidumu kwa muda mrefu, WNK1 nayo huifanya kazi hiyo polepole. Mmea hupima wingi, na hupima muda pia.

Nilifikiria swali lake la kila jioni. Kidogo, lakini halikukatika kwa miaka miwili.

Wanachama wenzangu, nilijiunga na klabu hii nikidhani nitajifunza Kiswahili ili nizungumze na bibi. Sikujua kwamba kuzungumza na bibi kungenifundisha biolojia. Jaribuni na nyie, mwelezeni mtu wa nyumbani somo lililowashinda. Mkikwama kwenye kitenzi, msikimbilie Kiingereza. Huenda hapo ndipo lilipo jambo msilolielewa.