Marehemu Baba na Kipande cha Bafta



Ni ada yetu kuwakumbuka wanazuoni na watu mashuhuri, na ada hiyo ni njema. Leo lakini nataka kumkumbuka mtu ambaye jina lake halikuvuka mitaa ya Ngamiani, mjini Tanga. Alikuwa fundi wa cherehani, naye ni marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Baba hakuwa na elimu kubwa. Msahafu aliuhitimu chuoni akiwa mtoto, walakin herufi za Kilatini alizijua ukubwani, katika madarasa ya kisomo yaliyoenea nchini baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alipokwisha kujua kusoma, kitabu cha kwanza alichokinunua kilikuwa Qurani Takatifu, ile tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy iliyotoka kamili mwaka 1969. Tangu hapo, kila siku baada ya Maghribi, cherehani ilifunikwa. Tulikaa jamvini pamoja na mama yetu, kila mtoto akasoma sura yake, naye akatusomea maana yake. Wenye nguo waliponung'unika barazani, aliwajibu kwa upole: "Nguo yako nitaishona baada ya Isha, inshallah. Hawa wakishalala, siwapati tena hata kesho."

Mama alipojifungua, Baba aliteka maji, akapika uji na kuosha vyombo. Jirani mmoja alimcheka. Baba akamwambia kwamba Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwatumikia watu wake, hata wakati wa Sala ukifika akatoka kwenda kusali. Yule jirani hakucheka tena.

Sasa nitaeleza jambo ambalo kwa miaka mingi niliona haya kulieleza. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1983, nami nina miaka kumi na miwili. Wanaokumbuka miaka ile wanajua jinsi nguo zilivyoadimika, na jinsi watu walivyopanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya doti moja ya khanga. Mafundi wengi walibaki na vipande vya vitambaa vya watu, wala hakuna aliyeuliza. Baba alivifunga vyote, hata cha upana wa kiganja, akavirudisha pamoja na nguo.

Dada yangu mdogo hakuwa na nguo ya Idd. Mimi nikachomoa kipande cha bafta katika furushi la mteja mmoja, nikakificha chini ya godoro, nikidhani natenda wema. Usiku ule ule Baba alikikosa. Aliniuliza mara moja tu, nikakiri.

Hakunipiga. Alivaa kofia yake, akanishika mkono, tukaenda hadi kwa mwenye bafta. Nilingoja anisukume mbele niombe radhi. Yeye akasema: "Bwana, amana yako ilipungua mikononi mwangu. Kosa ni langu, maana mtoto huyu ni mimi niliyemlea." Neno lile lilinichoma kuliko bakora.

Tuliporudi, Baba alitoa kanzu yake ya Ijumaa, ndiyo pekee aliyokuwa nayo, akaifumua na kumshonea dada yangu gauni. Siku ya Idd alikwenda kusali kwa shati lake la kazini na msuli uliofuliwa vizuri. Nami nilisimama ubavuni pake, nikalia, naye akajifanya hakuona.

Enyi wazazi wenzangu, mbona nayasema haya leo? Kwa sababu mimi ni mwalimu wa madrasa, na kwa miaka mingi nimesomesha watoto wa watu tangu alasiri hadi Isha, nikirudi nyumbani wangu wamelala. Mwaka jana binti yangu mdogo aliniambia: "Baba, na mimi niandikishe chuoni kwako, ili unisikilize." Nilikosa jibu. Baba yangu, fundi wa cherehani, alipata wakati wa kuwasikiliza wanawe. Mimi niliyeitwa mwalimu nilikuwa sijaupata. Mwenyezi Mungu ametuamrisha tujiokoe na Moto sisi pamoja na watu wetu, na watu wetu wa kwanza ni hawa tunaokula nao sahani moja.

Tangu siku ile nafunga darasa kabla ya Maghribi. Mapato yamepungua kidogo, na wazazi wawili watatu wamenilaumu. Mimi huwajibu kama alivyojibu Baba.

Ewe Mola, mrehemu baba yetu, ulinawirishe kaburi lake, nasi utujaalie tuwe wazazi ambao watoto wetu watatuombea dua kwa mapenzi. Amin.